Bondia kwenye Mizani ya Mbata

Jumatatu, 2 Agosti 1965

Habari njema! Jumamosi napigana hapa Msambweni, uwanja wa mpira. Meneja wa mabondia anakuja kutoka Mombasa, na atakayeshinda atachukuliwa akapigane ngumi za kulipwa. Hatimaye! Jina langu la ulingoni: Tsuma, Radi ya Samburu. Umri nimeandikisha miaka thelathini na mbili. Mke wangu Mbodze akauliza mbona mwanetu wa kwanza ana ishirini na miwili, ati nilimzaa nikiwa darasa la pili? Bondia huhifadhi pumzi.

Ila tumepatana: nikishindwa, glavu zitatundikwa msumarini, nami nirudi Samburu kuchunga mbuzi wa kaka yake. Mbuzi wale wananijua. Hawaniheshimu.

Nilikuwa nikimhofia Masila, yule mkulima wa Kikamba kule Shimba Hills, mwenye mkono kama mchi wa kinu. Mizani ya hospitali imemkataa, amezidi uzani. Mungu mkubwa! Nafasi yake amepewa Kavumbi, fundi cherehani, mwembamba kama uzi wake.

Jumanne, 3 Agosti

Balaa. Leo nimepimwa mimi. Nimezidi kwa ratili saba. Nikamwambia mhudumu kwamba mizani yake imeharibika. Akapanda yeye, akashuka, akasema ni nzima. Nikavua viatu. Nikavua shati. Nilipogusa mkanda akaniomba kwa adabu nikumbuke kwamba nyuma yangu kuna foleni ya akina mama wajawazito. Basi, nirudi Ijumaa, nikiwa nimepungua.

Nimeapa kufunga.

Jioni Mbodze amepika wali wa nazi na samaki wa kupaka. Nimeonja tu. Nimeonja sahani tatu.

Jumatano, 4 Agosti

Nimekimbia ufukweni nimevaa makoti mawili, nitoe jasho. Watu wakanipa pole, ati homa imenishika vibaya. Bibi mmoja akaniita barazani kwake, akanipa chai na mahamri. Nikala nisimvunjie heshima. Bibi ana heshima nyingi: mahamri sita.

Kurudi, nikapita kwa Kibwana, mwandalizi wa pambano letu, ambaye hasa kazi yake ni kununua mbata nyuma ya duka lake. Wakulima wamepanga magunia ya nazi kavu, kila mmoja analalamika. Ghafla, nuru! Mizani ya Kibwana! Pwani nzima yajua kwamba mizani ile hula. Gunia hupanda limeshiba, hushuka lina njaa. Alipogeuka tu, nikapanda. Nimepungua ratili kumi, na mahamri bado yako tumboni!

Nikamwambia Kibwana kwamba hospitali si mahali pa mabondia, tutadhaniwa wagonjwa. Mizani yenye heshima ni ya kwake. Akacheka mpaka jino la dhahabu likaonekana. Akatuma mbiu kila upande: bondia yeyote apimwe kwake Ijumaa.

Mbodze akasema mbiu ina masikio mengi. Sijui ana maana gani.

Ijumaa, 6 Agosti

Nimekula kwanza, waziwazi. Kisha nikapanda mbele ya wakulima wote. Nimepita! Nafasi imebaki! Nikainua mikono.

Umati ukapasuka, ukatoa njia. Masila. Mbiu imefika Shimba Hills.

Akainama, akaniambia, "Shikamoo, mzee." Nikaitika marahaba kabla sijakumbuka kwamba nina miaka thelathini na mbili.

Akapanda. Mbao zikalia. Mshale ukatetemeka, ukasimama penye kiwango. Amepita!

Nikapiga kelele kwamba haiwezekani, huyu mtu hata mlango wa duka ameuingia kwa ubavu. Kibwana akakunja uso. Akaniuliza mbele ya kadamnasi, kwani mizani yake ina kasoro?

Wakulima wote wakanitazama kwa matumaini. Miaka mingi wamengoja mtu wa kulisema neno lile. Lakini nami nimeshuka kwenye mizani ileile sasa hivi.

Nikasema mizani ni sahihi kabisa.

Mzee mmoja mwenye magunia manne akasema radi hii ni ya mawingu tu, mvua haina.

Kavumbi aliyepoteza nafasi ndiye pekee aliyefurahi. Alinikumbatia, akaniombea dua, akarudi kwenye cherehani yake akiimba.

Jumamosi, 7 Agosti

Ulingo: nguzo nne na kamba za makumbi. Kengele: ringi ya lori. Mbinu yangu: nimchoshe. Raundi ya kwanza nilikimbia vizuri sana. Watu wakauliza kama ni ngumi au mbio za shule. Mbodze peke yake alinishangilia, ati nirudi nyuma hivyo hivyo, nyumbani ni upande uleule.

Raundi ya pili Masila akasema, "Niwie radhi, mzee."

Mengine sikuyaona.

Nilipofumbua macho, jino la dhahabu la Kibwana lilikuwa juu yangu, linahesabu. Masila mwenyewe alinibeba mpaka nyumbani. Mlangoni nikamsikia akimnong'oneza Mbodze kwamba mama, huyu mzee ni mzito kuliko alivyosomwa.

Jumapili, 8 Agosti

Taya limevimba. Masila ameondoka na meneja. Amekuja kuaga, ameleta kuku. Kijana ana adabu. Namchukia.

Mbodze ametundika glavu msumarini. Kuku wa Masila ameingia katika moja, ametulia kama mwenye nyumba. Nami nikatumwa kwa Kibwana kununua unga wa safari ya Samburu.

Unga hupimwa mbele ya duka, kwenye mizani nyingine. Mfuko ukasomeka mzito, mkononi ukawa mwepesi. Nikashangaa. Nikapanda mwenyewe kimyakimya.

Nimeongezeka ratili ishirini tangu Ijumaa!

Nuru! Kibwana ana mizani mbili: ya nyuma ya kununulia, ya mbele ya kuuzia. Pambano lijalo mimi nipimwe nyuma, mpinzani mbele. Atakataliwa kabla hajavaa glavu. Ushindi bila jasho!

Nikarudi mbio, nikamwondoa kuku. Mbodze akauliza, je, mpinzani akiomba naye apimwe nyuma? Nikamwambia, atajuaje? Wanawake hawaijui kazi hii.

Ndani ya glavu kulikuwa na yai. Nimelikaanga. Bondia lazima ale.