Kamera Iliyonigomea

Jumatatu, 10 Juni

Nimeipata! Imo mikononi mwangu, ina mkanda wa shingoni na harufu ya mfuko wa ngozi. Kamera ya Shangazi! Shangazi hupiga picha za harusi na za pasipoti, na kamera hii ndiyo jembe lake. Atakuja kuichukua Jumapili asubuhi, maana mchana ana bibi harusi. Amesema nikiigusa kwa bisibisi, nitafute ukoo mwingine.

Sababu ya yote haya: mwalimu wa maktaba anatafuta mpiga picha wa jarida la shule. Atakayeleta picha bora ya fainali ya mdahalo, Jumamosi hii, kazi ni yake mwaka mzima. Naitaka kazi hii kuliko usingizi. Mtu mwenye kamera huruhusiwa kuwa kila mahali bila kuzungumza na yeyote. Mimi nikisalimiwa na watu watatu kwa mpigo hupaliwa mate. Nyuma ya lenzi nitakuwa salama.

Mpinzani ni mmoja tu: Pozi, wa darasa letu. Ana simu mpya na meno meupe.

Jaribio la kwanza: ukuta wa chumba changu. Mweupe, safi, umetulia. Lenzi ikaenda mbele, ikarudi nyuma, zzz, zzz, kama mtu aliyesahau alichofuata jikoni. Haikupiga. Nikajaribu dari. Zzz, zzz. Nikabonyeza tena, polepole, kwa heshima. Kimya.

Mdogo wangu wa kike, ambaye nyumba nzima tunamwita Kasuku, akaninyang'anya, akanilenga, akabonyeza. Kacha! Nikatoka vizuri sana, kinywa wazi. Akauliza, ndicho kilichonishinda hicho? Nikamwambia ni bahati tu.

Nikampigia Shangazi simu. Nikamweleza tatizo kwa istilahi zote nilizosoma. Akasema, "Baba, unabonyeza nusu. Nusu ni ya kulenga. Shindilia mpaka mwisho, hiyo si kengele ya mlango wa wakwe!"

Jumanne, 11 Juni

Nimeanza kusoma kijitabu cha maelekezo. Kurasa 214. Mtu mwenye nidhamu haanzii katikati. Hadi wakati wa chai nilikuwa ukurasa wa 19: kamera isitiwe majini, isitupwe motoni, wala isitafunwe. Naafiki yote.

Mpango wa leo: kumpiga picha mwalimu mkuu akikagua sare mstarini, yeye asinione. Nikajibanza nyuma ya uzio wa waya. Nikashindilia mpaka mwisho. Kacha! Nusura nishangilie kwa sauti.

Wakati wa mapumziko nikaitazama picha. Waya wa uzio, ajabu! Kila fundo, kila doa la kutu, hata buibui mmoja na miguu yake yote minane. Nyuma yake, ukungu uliovaa tai. Ukungu huo ndio mwalimu mkuu.

Nikajaribu nyuma ya kichaka. Majani safi kabisa, timu yetu ya mdahalo moshi mtupu. Nikajaribu nyuma ya pazia la bwalo. Pindo la pazia lilitoka vizuri mno. Pozi akachungulia begani kwangu, akatangazia darasa zima kuwa Msomi, ndivyo wanavyoniita, kapata kazi ya kuuza mapazia. Wakacheka hata waliokuwa wamesinzia.

Hitimisho langu la kisayansi: fokasi ni mbovu.

Jumatano, 12 Juni

Fundi wa redio na simu pale kona ana meza moja, kiti kimoja na redio kama arobaini zilizopasuliwa matumbo. Nilipita mbele yake mara tano nikikusanya ujasiri. Mara ya sita akaniita mwenyewe. "Kijana, unapima barabara?"

Nikampa kamera. Akaipuliza lenzi, akaifuta kwa kitambaa, akalenga lundo la redio. Kacha. Safi! Hata namba za mawimbi zinasomeka. Akaniuliza mimi nilikuwa nikipiga nini. Nikasema ukuta mweupe. Akacheka mpaka akaweka bisibisi chini. Akanieleza kuwa jicho la kamera hutafuta mstari, ukingo, mahali pa kushika. Ukuta mtupu halishiki. Na ukiliwekea waya mbele, litashika waya. Nitoke mafichoni, nisogee karibu, nimlenge mtu machoni.

Nitoke mafichoni! Rahisi kwake. Hayajui maisha yangu.

Nikaanza na jogoo wa jirani. Nikasogea. Nikamlenga machoni. Naye akanikazia macho! Kwa woga nikashindilia na nikasahau kuachia. Kacha-kacha-kacha-kacha! Imepona! Kamera imepona! Nimempiga jogoo picha mpaka akakasirika na kunifukuza hadi mlangoni. Hata nikikimbia ilikuwa inapiga. Leo ni siku kubwa.

Alhamisi, 13 Juni

Aibu. Mwalimu wa maktaba alitaka picha moja ya majaribio, yeye na rafu zake za vitabu. Akavaa miwani yake mipya. Nikatoka mafichoni. Nikamlenga machoni. Nikashindilia. Kimya. Nikashindilia kwa vidole viwili. Kimya. Mwalimu aliendelea kutabasamu mpaka tabasamu lenyewe likachoka, kisha akasema kwa upole kuwa subira huvuta heri, akarudi kwenye vitabu vyake. Pozi akajitolea. Akapiga picha ya kichwa chake, mwalimu akatokea kwenye kona, nusu.

Nyumbani Kasuku akatazama kioo cha kamera, akasoma kwa sauti: kadi imejaa. Ndani ya kadi mlikuwa na jogoo mia sita na kumi na wawili. Akamwita mama, akamwita baba, akamwita na mwenye jogoo, waje wajionee.

Nikafuta wote. Katika kutafuta pa kufutia nilibonyeza kila kitufe, na hapo nikagundua jambo ambalo hata fundi hakuliona! Kuna mchoro wa saa, na pembeni yake namba 10. Mdahalo unaanza saa nne asubuhi, na saa nne mashine huiandika 10. Ni wazi: kamera inataka kuambiwa muda wa shughuli ili ijiandae! Nikauchagua mchoro huo. Kwenye kijitabu bado niko ukurasa wa 61, bila shaka jambo hili limeelezwa huko mbele.

Jumamosi, 15 Juni

Nilitoka mafichoni. Nilikwenda mpaka mstari wa mbele kabisa! Mgeni rasmi alisogeza kiti nipite, akaniita "bwana mpiga picha". Bwana!

Msemaji wetu wa kwanza akainua mkono. Nikamlenga machoni. Fokasi ikashika. Nikashindilia. Badala ya kupiga, kamera ikaanza kulia. Pi. Pi. Pi. Bwalo zima likanigeukia. Nikaishusha tumboni haraka, nikaikumbatia kama mtu aliyeiba kifaranga. Pi-pi-pi-pi. Zzz. Kacha! Ikapiga yenyewe, ikitazama sakafu.

Hivyo hivyo mara ishirini na tatu. Kila mara nilijiambia sasa imetulia. Timu yetu ikashinda! Kombe likainuliwa! Nikashindilia. Pi. Pi. Pi. Mgeni rasmi, kwa wema wake, alinisubiri kombe likiwa juu, mpaka mkono ukaanza kumtetemeka, akalishusha. Kacha. Sakafu. Pozi akapanda jukwaani, akawapa washindi mgongo, akajipiga picha nao.

Nikamkabidhi mwalimu wa maktaba kadi bila kumtazama. Nikaenda kukaa nyuma ya pazia.

Jumapili, 16 Juni

Shangazi amekuja kuchukua kamera yake. Aliishika kidogo tu, akauliza ni nani aliyeweka kipima muda. Nikamweleza habari ya saa nne. Akakaa chini. Akaomba maji. Alipomaliza kucheka akanifundisha taratibu: mchoro ule huiambia kamera isubiri sekunde kumi ndipo ipige, ili mpigaji naye awahi kukimbilia ndani ya picha. Akauzima. "Sasa ukibonyeza, inapiga papo hapo. Umeelewa, baba?"

Nikasema nimeelewa. Kasuku akasema, "Huyo? Hajaelewa."

Kazi nimeikosa. Mwaka mzima nitalazimika kuhudhuria shughuli za shule nikiwa mtu wa kawaida, nikiulizwa maoni yangu.

Jumatatu, 17 Juni

NIMECHAGULIWA!

Mwalimu wa maktaba aliniita ofisini. Picha za Pozi ni thelathini na moja, na zote ni za Pozi. Katika moja, mpini wa kombe umechomoza nyuma ya sikio lake. Zangu ni za viatu. Picha ya kumi na tisa ni ya wakati timu yetu ilipokuwa ikisubiri mshindi atajwe: jozi nne za viatu, wote wamesimama kwa ncha za vidole, kamba moja imefunguka, kisigino kimoja kimechomoka nje ya kiatu. Kila uzi unaonekana. Mwalimu aliitazama kwa muda mrefu. Akasema amesimamia midahalo kwa miaka ishirini na hajawahi kuona hofu ya watoto wake wazi namna hii. Inakwenda kwenye jalada la mbele!

Akaniuliza wazo lile nililipata wapi. Nilikusudia kusema ukweli. Hata kinywa nilikwisha kukifungua. Nikasikia mtu akijibu, "Viatu havidanganyi, Mwalimu." Alikuwa ni mimi.

Shangazi, kwa furaha, ameniachia tena kamera hadi Ijumaa. Nimekwisha kuurudisha ule mchoro wa saa. Shangazi ni hodari wa harusi, sikatai, lakini kazi za jarida ni fani nyingine. Kijitabu nacho nimekifunga. Sioni kilichobaki cha kujifunza.

Kazi yangu ya kwanza ni kesho: watahiniwa wote tisini, mmoja mmoja, picha za kubandika kwenye fomu za mtihani wa mwisho. Nimeshatundika tangazo ubaoni. Kila mtahiniwa aje amepiga viatu rangi.