Nilivyojitafuta Katika Takwimu za Vita

Jumatatu, tarehe 3 Juni 2024

Chumba kimefunguliwa! Kompyuta mbili, madirisha ya vyuma, hakuna intaneti, simu zinabaki kwa mlinzi. Vituo vya afya vya Kindu vimekubali kuweka takwimu zao pamoja, hata za miaka ya vita, ili watafiti waje kuzisoma humu bila kutoka nazo. Majina yameondolewa. Akina mama wa Alunguli walikubali baada ya kuahidiwa kwamba hakuna atakayewatambua. Dokta Aziza, mkuu wetu, anataka kujua kwa nini surua iliua watoto wengi katika mitaa fulani na si mingine. Jibu litamwonyesha pa kuanzia na chanjo leo.

Sasa anatafutwa msimamizi wa chumba. Mukendi, mwenzangu wa meza ya pili, anasema apewe yeye kwa kuwa ni mkubwa kwangu. Mkubwa! Sote tulizaliwa wakati wa masasi, risasi za vita vya 1998, na vyeti vyetu viliandikwa baadaye kwa kukisia.

Nimepata wazo.

Jumanne, tarehe 4

Wazo ni hili: nijitafute, nijue tarehe yangu ya kweli. Majina hayamo, sawa, lakini mimi najijua. Mvulana. Alunguli. Baba mfanyakazi wa reli. Oktoba ya masasi, maana hiyo Oktoba mama haachi kuitaja. Nikamwambia Dokta Aziza nitabaki saa ya chakula kusahihisha makosa. Akanisifu. Niliona haya kidogo, zikapita.

Walikuwa wengi, wakapungua, akabaki mmoja. Mimi! Nilizaliwa mwanzoni mwa Oktoba. Nilikuwa mzito. Nilishikwa na homa, nikapona. Ni ajabu kusoma habari zako zilizoandikwa na mtu aliyewahi kukubeba.

Mwishoni muuguzi ameongeza maneno machache: mama alikimbia masasi, mtoto akabaki kituoni, mama akarudi baadaye kumchukua.

Nimeyasoma tena na tena. Mama aliniacha?

Jumatano, tarehe 5

Nyumbani sikuthubutu kuuliza. Badala yake nimeisimulia biro nzima, ofisi yote, nikianza na tarehe, kwa sababu cheti cha Mukendi kinasema Novemba. Watu wamenihurumia sana. Mhasibu amenigawia samaki wake. Hata Mukendi alinipa pole, akasema kama ni hivyo, ufunguo wa chumba nichukue mimi. Karibu nimpende.

Alhamisi, tarehe 6

Nilimkuta mama akitwanga sombe, majani ya muhogo. Nikamwambia nimemsamehe. Akataka kujua kosa lake. Nikaeleza, nikalia kidogo. Alicheka hadi akaweka mchi chini.

"Oktoba njo wakati ya kukimbia," akasema. "Haikuwa wakati ya kuzaa."

Nilizaliwa Desemba, tena ng'ambo ya mto, Kasuku, kwenye mkeka wa shangazi yake. Alunguli tulihamia vita vilipokwisha.

Desemba! Mukendi asijue.

Lakini basi yule mtoto ni nani?

Ijumaa, tarehe 7

Jibu limekuja lenyewe biro, kwa miguu. Ni Mama Yvette, mama yake Mukendi. Mwanawe alimsimulia kisa changu wakiwa mezani, akamwona ameacha kula.

Alitueleza akiwa amesimama. Siku ile alitoka kituoni kuteka maji, Mukendi akiwa amelala ndani. Masasi yakalia, umati wa wakimbizi ukambeba hadi porini. Zilipita siku kabla hajapata njia ya kurudi. Hakuwahi kumwambia mwanawe, kwa sababu hakujua angelipokea vipi neno "kuachwa". Alipoombwa ruhusa ya takwimu alikubali, hata akawashawishi wenzake wa parokia.

"Mulitoa jina langu," akamwambia Dokta Aziza. "Lakini mimi mwenyewe mulinibakisha mule ndani."

Mukendi alikuwa mlangoni. Akamuuliza mama yake kwa sauti ndogo kama kweli alirudi peke yake, masasi yakiwa bado yanalia.

"Mutoto wangu alikuwa kule," akasema. "Ningeenda wapi?"

Wakatoka, wakakaa kwenye benchi nje, mkono kwa mkono. Sikusikia waliyozungumza, ingawa nilisogea dirishani.

Akina mama wa Alunguli wanataka takwimu zao ziondolewe. Bila Alunguli, utafiti wa surua umekufa.

Jumatatu, tarehe 10

Mkutano na akina mama. Dokta Aziza hakuficha kitu. Alisema kosa si la ulimi mmoja tu (wote wakanitazama). Tulilinda mlango, tukasahau kwamba ndani mtu anaweza kuungwa kipande kwa kipande hadi akatokea mzima. Kuanzia sasa tarehe kamili zinafutwa, kazi ya baba inafutwa, maneno ya wauguzi yanafutwa. Mtafiti hataingia kabla swali lake halijasikilizwa na kamati, na akina mama watakuwa katika kamati hiyo.

Mama Yvette akauliza surua ya zamani itamfaa nani leo. Akaelezwa. Akasema jirani zake walizika watoto kwa ugonjwa huo na hakuna aliyewahi kuwauliza lolote. Takwimu zibaki. Yeye atakuwa katika kamati.

Ufunguo amepewa Mukendi. Mimi nimeondolewa chumbani. Napokea wageni na kuchemsha chai. Mama Yvette alinipa mkono, akaniambia, "Kinywa yako haina mulango."

Ijumaa, tarehe 14

Nimejifunza. Habari za mtu ni zake, hata zisipokuwa na jina. Naandika nisisahau.

Leo kamati ilimsikiliza mtafiti wa kwanza, mimi nikimimina chai. Anachunguza kuumwa na nyoka upande wa Kampene. Hakutaja jina wala tarehe. Alidokeza tu kwamba kuna mchimbaji wa madini aliyeumwa mara mbili katika msimu mmoja na bado yu hai. Mama Yvette akamkatiza hapo hapo.

Mara mbili! Ni nyoka yule yule? Mara ya pili alikuwa akifanya nini? Wachimbaji wa Kampene ni wengi, lakini wa namna hiyo hawawezi kuwa zaidi ya mmoja, na kila mwuza bugali wa kule atakuwa anamjua.

Nimeomba ruhusa nikamsalimu mjomba wangu wa Kampene. Sina mjomba Kampene. Mwenye pikipiki anakuja asubuhi.