Kuhusu Miche Uliyoibariki, Padri

Mabanga, Goma

Kwa Padri Gauthier, Paroko wetu,

Amani iwe kwako na kwa nyumba yote ya mapadri. Nakuandikia nikiwa nimesimama, si kwa heshima peke yake, bali kwa sababu kiti changu kimekaliwa na bilinganya.

Wanijua: mimi ni Damascène Niyitegeka, katekista mstaafu na kiongozi wa shirika letu, yaani majirani wanaosali pamoja kila Alhamisi jioni sebuleni mwangu tangu mwaka ule lava ilipoteremka na kuimeza kapela yetu. Sebule hiyo, Padri, inakaribia kunipotea, na chanzo ni wewe.

Niruhusu nikukumbushe. Dominika ya kubariki mbegu ulihubiri kwamba hata sisi tunaoishi juu ya jiwe jeusi tunaweza kuwa na bustani nyumbani. Mke wangu Pascasie, ambaye alisinzia katika mahubiri ya maparoko wote waliokutangulia, siku hiyo hakusinzia. Alipeleka altareni mbegu za nyanya, za bilinganya, za lengalenga na za kabichi, nawe ukanyunyiza maji ya baraka kwa ukarimu ambao sijauona katika mambo mengine ya parokia. Yaliyofuata nayaweka kwa utaratibu.

1. Udongo. Parsele yetu, kiwanja chote, ni lava tupu; jembe likiiangukia hulia kama kengele. Basi udongo ukaletwa kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, kutoka nje ya mji na kumwagwa mlangoni. Nimefundisha watoto miaka mingi kwamba binadamu ni mavumbi. Sikujua kwamba mavumbi hununuliwa kwa gunia, wala kwamba yakifika nyumbani hupewa heshima kunizidi.

2. Dirisha. Mbegu, naambiwa, huanzia ndani, penye joto na mwanga. Nyumba yetu ya mbao ina dirisha moja tu linalopokea jua la asubuhi, na hapo ndipo nilipozoea kusali. Sasa pana makopo ya maziwa ya unga, ndoo za margarini na bidoni za maji zilizopasuliwa tumbo. Juzi, nikiwa katikati ya sala na macho nimeyafumba, nilimsikia Pascasie: «Muzee, songa kidogo, uko unazibia tomati jua.» Nikasonga. Nimesonga hadi kwenye gunia la makala ya kupikia, na huko ndiko sala zangu zinakotokea siku hizi. Sanamu ya Bikira Maria imebaki rafuni, kabichi kulia na kabichi kushoto. Yeye hajalalamika, lakini uvumilivu wake unajulikana.

3. Kuzoeshwa. Mche ukishapata majani hautolewi nje kwa ghafla, eti utashtuka. Hutolewa asubuhi uonje upepo, ukarudishwa. Kesho hukaa nje zaidi kidogo, hivyo hivyo mpaka uwe imara. Anayetoa na kurudisha ni mimi na magoti yangu. Na kwa kuwa mvua ya hapa hupenda kushuka saa ya Malaika wa Bwana, nimeisali sala hiyo mara nyingi nikiwa na kopo katika kila mkono. Siupingi upole huo. Nauliza tu kwa nini mimi niliozwa kwa siku moja, bila kuzoeshwa.

4. Hapa ndipo penye uzito wa imani. Mama Généreuse, jirani yetu aliyekulia shambani Masisi, alipoona makopo yamejaa miche kama kanisa siku ya Krismasi, alisema iliyo dhaifu ing'olewe ili mingine ipumue, na iliyong'olewa wapewe sungura wetu wa uani. Nikakataza. Kitu kilichobarikiwa hakitupwi. Ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo nilivyofundisha. Mama Généreuse alicheka hadi akashika ukuta. «Papa Katekista,» akasema, «basi sungura wako watakuwa watakatifu!» Sikucheka. Kila mche dhaifu ukapewa kopo lake. Makopo yalipokwisha ikaja zamu ya kopo la sukari, kisha kikombe changu cha chai, na mwisho mabenchi ya shirika.

5. Alhamisi iliyopita, kwa hiyo, watu walisali wamesimama, rozari mkono huu, mkono mwingine ukizuia majani. Litania ilikatika katikati kwa sababu mama mmoja alitaka kujua bilinganya hunyweshwa asubuhi au jioni, na wanne wakamjibu. Papa Florent wa ng'ambo ya barabara, mwenye sebule ya vigae, akajitolea kwa upendo mtupu kulihamishia shirika kwake. Upendo huo amekuwa nao siku nyingi. Ulikuwa ukingoja nafasi tu. Padri, shirika hili lilizaliwa chumbani humu siku zile za lava, watu wangali wananuka moshi, wengine hawana hata godoro la kurudia. Likiondoka, nitabaki mzee mwenye kabichi.

Naomba basi, kwa unyenyekevu, moja kati ya mambo haya. Ama uje mwenyewe uiondolee baraka miche iliyozidi, ukiionyesha kwa kidole mmoja mmoja, ili dhambi isiwe yangu. Ama, ikiwa baraka haiondoki, miche yote iandikwe parokiani kuwa wanashirika kamili, maana inahudhuria kuliko Papa Florent na haijawahi kuchelewa. Ukiiandika, parokia iipatie na maji, kwa kuwa ya bomba huja yanapopenda, na Pascasie ameanza kuitazama chupa yangu ya maji ya baraka, akisema kwamba miche hiyo imeshayazoea.

Nisalimie Padri msaidizi, masista, sakristani, na mpishi wenu, ambaye nasikia bado ana mahali pa kuketi. Nakuombea afya njema, na mahubiri yasiyo na mafanikio makubwa namna hii.

Ni mimi, baba yako kwa umri na mwanao katika imani,

Damascène Niyitegeka

Nyongeza. Barua hii imechelewa kwa sababu Pascasie aliisoma. Hakukasirika. Alisema nina haki, na kwamba Alhamisi kila mama ataondoka na makopo yake ili mabenchi yarudi. Walipofika walinikuta nimesimama mlangoni, nikiwaeleza kwa urefu kwamba miche bado haijazoea upepo. Upo mmoja hasa, nyanya yenye shingo iliyopinda, ule wa kikombe changu, ambao Mama Généreuse aliutaka kwa ajili ya sungura. Umetoa ua. Hakuna aliyeondoka na kopo. Tulisali nje, kila mtu ameketi juu ya jiwe lake la lava, ambalo hatukulinunua. Mvua ilipoanza tuliikimbiza miche ndani, Papa Florent akiwa na makopo mawili kifuani, na ilipokwisha kuingia yote hapakuwa tena na nafasi ya watu. Litania tuliimalizia chini ya upenu, tumelowa, na hakuna aliyetaja vigae.

Ndani ya bahasha utakuta mbegu za boga nilizozikausha mwenyewe. Tafadhali zibariki, wala usipunguze maji.