Betinho Ni Mmoja Tu

Jumatatu, 10 Machi
Msiba! Kocha Orestes kaleta winga mpya kutoka Uberaba. Naye anaitwa Betinho. Betinho ni mimi! Kila Jumapili Mama hufungulia redio mtaa mzima usikie nikitajwa. Kocha kasema Jumamosi tutapanda mizani: mwepesi abaki Betinho, jina la udogo, mzito aitwe Betão, la ukubwa. Beki wetu Claudemir akadakia kwamba Betinho ni jina la mpiga chenga, Betão ni la mtu wa kuhamisha friji. Alikuwa ananitazama tumbo. Nililivuta ndani.

Jumanne, 11 Machi
Kujikondesha ni kazi. Kumnenepesha mwenzako, rahisi. Nimemwambia Mama kuna kijana mgeni, yuko mbali na kwao, anakonda. Nusura alie. Kapika feijoada, maharage meusi na nguruwe, sufuria tele. Mgeni akagoma kula peke yake. Ningekataa angeshtuka. Nikala. Kwa ajili ya mpango tu.

Alhamisi, 13 Machi
Kapu la mikate ya jibini. Jamaa kala miwili, kashukuru, kaenda kukimbia. Kukimbia! Ningerudisha kapu limejaa, Mama angeumia. Limerudi tupu. Claudemir kaniuliza kama jezi yangu imefuliwa kwa maji ya moto. Mmbea yule.

Jumamosi, 15 Machi
Mizani haina adabu. Mgeni alipanda, sindano ikasogea kwa aibu. Nilipopanda mimi ilikimbia. Claudemir akapiga yowe: "Betão! Friji inakungoja, mwanangu!" Hata kocha alicheka.

Jumapili, 16 Machi
Mtangazaji kataja Betão. Mama akadhani nimeachwa, akazima redio. Muda si mrefu nikafunga kwa kichwa! Beki wao alikuja kunigonga, akaanguka yeye. Uwanja mzima: Betão! Betão! Jina tamu, kumbe. Ila Mama hakulisikia goli langu. Hilo limeniuma. Nimemweleza, naye keshawatangazia majirani wote kwamba Betão ni mwanawe.

Jumatano, 19 Machi
Msiba! Kocha kaleta kipa, jitu la kupita mlangoni kwa ubavu. Anaitwa Betão. Betão ni mimi! Jumamosi mizani tena, na safari hii mzito ndiye anabaki na jina. Nimemwambia Mama kuna mgeni mwingine, yuko mbali na kwao, anakonda. Sufuria iko jikoni. Mgeni mwenyewe sijamwalika.