Tafadhali Mrudishe Mume Wangu kwenye Namba Sita

Msambweni,
Jumatano, baada ya adhuhuri.

Kwa Daktari Lennox,
Kliniki ya Usingizi, Ukunda.

Mheshimiwa Daktari, mwanangu,

Natumai barua hii itakukuta u mzima wa afya. Kwa kuwa wewe ni wa umri wa kifungua mimba wangu, shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitoa: marahaba.

Mimi ni Khamisa, mke wa Makame, yule bawabu wa hoteli ya Diani anayekesha getini usiku na kulala nyumbani mchana. Ni yule uliyempima ukanionyesha karatasi kwamba pumzi humkatika mara thelathini na nane kwa saa akiwa usingizini, naye akawa amesinzia kwenye kiti chako kabla hujamaliza kuisoma. Ulimpa mashine ya kumpulizia hewa puani, ukaianzishia namba sita. Mwezi uliopita ukaipandisha hadi kumi na moja, ukaniambia huku unatabasamu kwamba sasa atalala kama binadamu wengine. Mficha uchi hazai, kwa hiyo nakuandikia waziwazi kwamba sijaridhika.

KWANZA, ukimya. Kwa miaka thelathini na mmoja mume wangu akilala nilijua, na mtaa mzima ulijua. Hata kwenye namba sita alikuwa bado akikoroma, mkoromo wa wastani, wa kumtosha mke. Na mkoromo ule ulikuwa na kazi yake. Kila Jumanne na Alhamisi kikundi chetu cha vugo, ngoma ya harusi, kina mama kumi na wanne na pembe zetu za kugonga, hufanyia mazoezi barazani kwangu. Nyimbo zetu za harusi zinawasema wanaume, na sharti letu ni kwamba mwanamume asizisikie kabla ya siku yenyewe. Makame akikoroma ndani, tuliimba bila wasiwasi. Sasa hakuna sauti, na kimya kingi kina mshindo mkuu. Alhamisi ya kwanza baada ya wewe kuipandisha mashine tuliuimba wimbo mzima wa mume mvivu, kumbe mwenzetu yu macho. Akatoka na barakoa usoni, mpira wa hewa ukimning'inia kifuani, akatuambia mstari wa tatu una mizani pungufu. Akaurekebisha palepale. Kilichotuuma zaidi ni kwamba wake ulikuwa mzuri kuliko wetu.

PILI, anaamka mapema na anaamka na nguvu. Zamani alikuwa akilala hadi alasiri na kuamka na uchovu wake, tukaheshimiana. Siku hizi saa saba mchana yuko jikoni kwangu. Ameniambia kwamba tui zito ninalitia mapema mno. Daktari, mchuzi ule ameula miaka thelathini na mmoja akisinzia juu ya sahani, na kila siku aliusifu. Sasa ameuonja. Halafu ananiuliza habari za siku yangu, na anangoja jibu. Zamani nikisema nzuri, hapo tayari kichwa kimelala begani. Sina habari za kumtosha mtu aliye macho. Juzi nililazimika kumsimulia mambo ya kuku, na akaniuliza maswali.

TATU ni la kazini. Pale getini kulikuwa na amani. Alfajiri tumbili walikuwa wakipita kwenda kula sukari ya wageni, Makame anasinzia, kila mmoja na riziki yake. Sasa anawaandika daftarini. Wiki iliyopita aliandika tumbili arobaini na watatu, saa ya kuingia, saa ya kutoka, na walichobeba. Meneja wake, Bwana Mathew, alinipigia simu mwenyewe kuniuliza kwa upole kama kuna tatizo lolote nyumbani. Nilimjibu kwamba tatizo ni namba kumi na moja, hakunielewa. Baadaye nikagundua kwamba naye ameandikwa, kuchelewa dakika sita.

NNE, na hili naliandika nikiwa nimefunga mlango. Ananiletea asumini. Ameninunulia kanga yenye maneno ambayo siwezi kuyaweka katika barua inayoweza kupita mikononi mwa karani. Nina miaka hamsini na mitatu na wajukuu wawili. Ijumaa alinishika mkono njiani, mchana kweupe, watu wanatazama, na juu ya hayo akanitania mpaka tukafika dukani kwa Garama. Nilicheka hadi nikakaa juu ya gunia la mchele. Wallahi mtu wa umri wangu hatakiwi kucheka namna ile, mbavu zinauma mpaka leo.

TANO, majirani. Wake wa mtaa mzima sasa wanawavizia waume zao wakilala, na kila anayekoroma anaambiwa ajiandae kuletwa kwako. Mume wa Mama Kenga, maskini, hakoromi hata kidogo, na mkewe amemkasirikia kwa sababu hiyo. Anasema kumbe miaka yote alikuwa hana hata kisingizio. Wanaume hao wamemnunia Makame, na mimi ndiye mkewe, lawama zinanijia.

Kutokana na hayo yote naomba uirudishe mashine kwenye namba sita. Najua utasema kwamba kwenye sita pumzi ilikuwa bado ikimkatika mara kumi na mbili kwa saa. Nimelitafakari jambo hilo. Mara kumi na mbili kwa saa ni mara moja tu katika dakika tano, na katika hizo nyingine nne anapumua vizuri sana. Mimi nikimsikiliza Salwa, mwenyekiti wetu, akisimulia safari yake ya Taru, pumzi hunikatika zaidi ya hapo, na hakuna aliyewahi kunipa mashine. Ikiwa haiwezekani kila siku, basi iwe sita Jumanne na Alhamisi peke yake. Siku ya Idi unaweza kumwachia kumi na moja, tutamvumilia, ni sikukuu.

Nisalimie muuguzi wako, Bi Everline. Salwa anakusalimu, Mama Kenga anakusalimu na anauliza kama mashine hiyo humfaa pia asiyekoroma. Makame hakusalimu kwa kuwa hajui kwamba nimekuandikia.

Ni mimi mlalamikaji wako, mwenye heshima nyingi na faragha kidogo,

Khamisa wa Makame

NYONGEZA. Leo ni Alhamisi, barua ilikuwa bado haijaondoka. Asubuhi, Makame alipolala, nilivibonyeza pamoja vile vitufe viwili nilivyokuona ukivibonyeza siku ile, nikaishusha mwenyewe hadi sita. Haikuchukua muda akaanza kukoroma. Wenzangu walipofika tukazipiga pembe kwa raha zetu. Katikati ya ubeti wa pili mkoromo ukakatika. Tangu zamani ukikatika tulikuwa tukinyamaza, tukidhani ameamka anatusikiliza. Leo tukanyamaza vilevile, na sijui kwa nini, nikajikuta nahesabu. Nilifika ishirini na tatu. Daktari, hakuwa akitusikiliza. Miaka yote ile hakuwa akitusikiliza. Nilikimbia ndani nikamtikisa mpaka akavuta pumzi, nikairudisha kumi na moja, kisha nikakaa kando ya kitanda hadi alasiri nikiusikiliza ule ukimya, na sikuushiba.

Basi iache palepale. Na vitufe hivyo uvifunge kwa namba ya siri, usinipe, hata nikikuandikia barua nzuri kuliko hii.