Malalamiko Kuhusu Mshale Unaoonyesha Njia

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Burudani,

YAH: ALAMA TISA KATI YA KUMI

Pokea salamu zangu. Mimi ni seremala, msomaji wako wa miaka mingi, na sijawahi kukusumbua kwa barua hata siku ile mlipochapisha picha ya kabati kichwa chini miguu juu. Lakini wiki iliyopita uliandika kwamba gemu la Milima Saba, sehemu ya pili, limeipita sehemu ya kwanza kwa mbali, ukalipa alama tisa kati ya kumi. Nilikuwa nakunywa chai. Ikanipalia.

Kwa wasiolijua gemu lenyewe: unachukua shujaa asiye na mbele wala nyuma, unamtembeza milimani, unamtafutia upanga, anapigwa, anajifunza, mpaka anakuwa mtu wa maana. Sehemu ya kwanza mimi na mke wangu tuliicheza miaka mitatu, kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, kwenye kochi nililolitengeneza kwa mikono yangu. Kwa heshima zote naomba kuwasilisha yafuatayo.

1. Mshale. Sehemu ya kwanza haikumwonyesha mtu njia. Ukitumwa kwa mhunzi, unakwenda kwa kubahatisha. Mimi nilishika padi ya kubonyezea, na mke wangu, ambaye ni fundi cherehani, alichora ramani kwa chaki yake ya kukatia vitambaa juu ya kipande cha plaiwudi. Ananiambia kushoto, naenda kulia, tunatumbukia kwenye kinamasi cha vyura, tunacheka mpaka jirani anagonga ukuta. Tulitumbukia humo mara thelathini na moja, na kila mara imewekewa alama kwenye plaiwudi. Sasa kuna mshale mwekundu juu ya kichwa cha shujaa, unajua kila kitu. Ramani yetu imekuwa kifuniko cha pipa la maji.

2. Samani. Nimeingia nyumba arobaini na tatu za sehemu ya pili. Hakuna mlango hata mmoja wenye bawaba. Mfalme mwenyewe amekalia kiti cha miguu mitatu, tena ameegemea, hana habari. Viti vya sehemu ya kwanza vilikuwa vibaya pia, sikatai, ila miguu ilitimia.

3. Farasi mweupe. Sehemu ya pili inaruhusu watu wawili kucheza pamoja, kila mmoja na padi yake na shujaa wake. Wewe uliita hilo hatua kubwa mbele. Mke wangu ameipiga hiyo hatua. Yuko ngazi ya arobaini na moja, ana ngome na farasi mweupe. Mimi niko ngazi ya tisa, nawinda sungura, na baadhi ya sungura hao wananishinda. Tunakaa kochi moja lakini hatuko mlima mmoja. Jumapili iliyopita, tangu sahani zilipoondolewa mezani mpaka tulipozima, aliniambia maneno mawili tu: "Sogea kidogo." Ndugu Mhariri, nina hamu ya kuisikia sauti yake ikiniambia kushoto.

4. Kutokana na hayo, ni dhahiri kwamba ubaya si wa gemu hili peke yake, ni wa upili wenyewe. Nimefanya uchunguzi. Kikombe cha pili cha chai kimepoa. Utani ukirudiwa mara ya pili, watu wanacheka kwa adabu tu. Najua utanitajia vanishi, kwamba mpako wa pili ndio unaong'aa. Hilo nakubali, lakini vanishi haijawahi kumpa mtu farasi. Kwa hiyo naomba gazeti lako liongoze kampeni ya kupiga marufuku kitu chochote cha pili, pasipo kubagua. Jambo likishafanyika vizuri mara moja, liachwe hapo hapo.

5. Endapo ombi hilo litaonekana zito, nitaridhika ukipunguza alama moja.

Naomba uniwie radhi kwa urefu. Nisalimie wachapaji wote, dereva anayeleta magazeti, na yule aliyegeuza kabati. Mwambie sina kinyongo naye tena.

Wako katika kutimiza miguu minne,
Fundi Msumari

Nyongeza: Barua hii nilimpa mke wangu anisahihishie tahajia. Alisahihisha maneno matatu, akafika malalamiko namba nne, akavua miwani.

"Mume wangu," akasema, "wewe ni sehemu ya pili. Nimewahi kukushtaki gazetini?"

Ni kweli. Mume wake wa kwanza yupo, buheri wa afya, anauza matairi. Nikauliza kwa sauti ndogo mimi nimepewa alama ngapi. Aliingia kwenye mipangilio ya gemu, akauzima mshale, kumbe unazimika, akaweka padi yake kando na kwenda kuchukua kifuniko cha pipa.

"Yule wa kwanza alijua njia zote," akasema akitafuta chaki. "Hakuwahi kuniuliza chochote. Haya, kushoto."

Nikaenda kulia. Sehemu ya pili nayo ina kinamasi, Ndugu Mhariri, na vyura wake ni wakubwa zaidi. Jirani ameshagonga ukuta. Tafadhali usiichape barua hii, na ile alama moja uliyoibakiza, waongezee waliotengeneza gemu.