Ua la Manjano na Theluji ya Jikoni

Jumatatu, 3 Machi

Baridi imelegea. Nimetoka na koti jepesi kwa mara ya kwanza tangu Novemba, nikarudi bila mafua. Siku njema!

Habari kubwa. Bi. Gong, mwenyekiti wa klabu yetu ya matembezi na picha, ametangaza maonyesho ya machipuko. Picha ishirini, maktaba ya wilaya, kuanzia tarehe ishirini na mbili. Moja kati ya hizo itatundikwa peke yake kwenye ukuta unaotazamana na mlango mkuu. Mtu akiingia, awe anafuata kitabu au anakimbia mvua, lazima aione.

Ukuta huo ni wangu. Miaka mitatu mfululizo picha zangu zimewekwa kwenye ujia wa chooni. Mwaka jana nilisimama pale saa mbili nzima kuona nani atazitazama. Wote walikuwa na haraka. Mke wangu Chun-ja alinifariji kwamba angalau hakuna asiyepita huko. Nilikata tiketi za treni miaka thelathini na minne, watu wakiona mikono yangu tu kwenye tundu la dirisha. Sasa nimestaafu. Nataka kutazamwa mara moja, mahali pa maana. Je, ni makuu hayo?

Kikwazo ni kimoja, na jina lake ni Tak Jung-bae. Ukuta ule ameuchukua miaka miwili mfululizo. Alizaliwa Desemba, mimi Februari iliyofuata. Wiki tisa! Lakini mwaka ni mwaka mwingine, kwa hiyo yeye ni kaka na mimi ni mdogo. Namwita Kaka Tak na nampokea kikombe kwa mikono miwili. Leo ametuma kwenye kundi la simu picha ya boksucho, ua lile la manjano linalotangulia mengine yote kutoboa majani makavu. La kwanza mwaka huu. Nikamuuliza kwa adabu zote limeota wapi. Akajibu: mlimani.

Mlimani! Kana kwamba nilidhani limeota benki.

Jumatano, 5 Machi

Nimemfuata Tak. Nguo za kijivu, kofia ya Chun-ja nimeishusha hadi kwenye nyusi. Nilipanda basi lake, nikakaa nyuma kabisa. Tukashuka chini ya mlima wa Maebong, yeye mbele, mimi nyuma yake hatua mia moja. Kazi safi.

Ila mlima leo ulikuwa haukai kimya. Maji yanapita chini ya barafu nyembamba kijitoni, unayasikia kabla hujayaona. Vichaka vya ukingoni vimetoa vitumba vyenye manyoya, laini kama sikio la paka. Kigong'ota mmoja alikuwa anapiga mti mkavu bila kuchoka, nikasimama kumtafuta kwa lenzi ndefu. Nilisahau kumfuata Tak kwa muda wa robo saa hivi.

Nilipokunja kona ya tatu nilimkuta ameketi juu ya jiwe, chupa ya maji moto iko wazi. Akaniita: "Mdogo wangu, njoo basi, kahawa inapoa!" Kumbe aliniona tangu kwenye basi. Alisema kofia inanipendeza. Nilijibu kwamba nimepita tu. Akanimiminia kahawa ya pakiti, ile yenye maziwa na sukari ya kutosha watu watatu. Nikaipokea kwa mikono miwili, nikanywa, na hapo ndipo jambo lenyewe likanijia: alikuwa na vikombe viwili. Alivipakia nyumbani. Maana yake alijua nitamfuata kabla mimi mwenyewe sijaamua!

Kisha akanionyesha ua. Hivi hivi tu! Hatua saba kutoka njiani, nyuma ya gogo lililoanguka. Aliniomba jambo moja, nikanyage mawe tu, kwa sababu mengine bado yako chini ya majani yanajikaza kutoka.

Nimelifikiria hilo jioni nzima. Mtu hatoi siri bure. Na jibu nimelipata: boksucho bila theluji si kitu. Kila mtu anataka lile ua likitoka katikati ya theluji, manjano juu ya weupe. Mwaka huu theluji haijaanguka tangu Januari. Tak amenipa sahani tupu, mwerevu yule.

Alhamisi, 6 Machi

Theluji haishuki? Nitaipandisha.

Chun-ja ana mashine ya kusagia barafu, ya kiangazi, ile tunayotengenezea barafu tamu ya maharage mekundu. Inatoa unga mweupe, laini, theluji tupu. Nimesaga asubuhi nzima. Chun-ja akauliza barafu ya nini mwezi wa tatu. Nikamwambia nasikia joto tumboni. Akanigusa paji la uso, akaniambia, "Baba Eun-sol, ukianza kuumwa uniambie mapema, nisije nikaaibika mbele ya daktari." Akarudi kukunja nguo.

Kanuni za klabu nimezisoma mara mbili. Tusiguse maua. Tusifukue majani. Tusinyunyizie maji ili yaonekane umande. Barafu haijatajwa popote. Mimi ni mtu wa kanuni.

Chombo kilikuwa taabu. Kinachoingia begini na kufunga kabisa ni kile cha kimchi tu, mboga zetu za kuchachua kwa chumvi na pilipili. Nimekiosha mara mbili, mara ya pili kwa siki.

Ijumaa, 7 Machi

Saa mbili asubuhi nilikuwa penye gogo. Hakuna mtu. Nikamwaga theluji yangu kwa kijiko, polepole, kulizunguka ua. Safi! Nikalala kifudifudi, nikatazama kwenye kamera.

Ua limejifunga. Limekunjana kama ngumi ya mtoto mchanga.

Nilisubiri. Nililibembeleza. Halafu nikakumbuka kitu ambacho hata mtoto wa shule hapa kwetu anakijua: boksucho halifumbuki mpaka lipigwe na jua, na pale jua halifiki kabla ya saa nne. Saa nne na nusu lilifumbuka lote, linang'aa, na theluji yangu yote ilikuwa dimbwi. Nina picha kumi na tisa za ua lililofurikiwa.

Basi nikala kimbap ya Chun-ja, wali uliokunjwa ndani ya mwani, wenye mchicha na yai, nikajinyoosha juu ya jiwe lenye jua. Usingizi ukanichukua. Nilipoamka kipepeo wa njano alikuwa ametua kwenye kiatu changu, anafungua na kufunga mabawa bila haraka. Kamera ilikuwa begini. Sikujitikisa. Tulikaa hivyo, mimi na yeye, mpaka alipoona imetosha. Nimerudi nimeshindwa na nimeshiba.

Jumatatu, 10 Machi

USHINDI!

Safari hii nilikizungushia chombo blanketi la utotoni la mwanetu Eun-sol, picha zake za bata zote nje. Nilisubiri jua, ua likafumbuka, ndipo nikamwaga. Nilikuwa na dakika nne kabla haijayeyuka. Nilijitupa chini na suruali yangu ya mlimani ya rangi ya chungwa, shavu kwenye tope, magoti kwenye barafu, nikapiga, nikapiga tena. Moja imetoka! Ua linang'aa kwa ndani kama taa, theluji ukingoni inameta, nyuma kuna lile gogo zito. Nilifurahi hadi nikalishukuru ua kwa sauti, kwa maneno ya heshima yale ninayomwambia mama mkwe.

Nguo zimelowa hadi za ndani. Sijali.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeituma kwenye kundi. Nimeipa jina "Theluji ya Mwisho". Sifa zimemiminika. Bi. Gong ameandika kwamba imemkumbusha uani kwao alipokuwa msichana. Tak ameandika: "Mdogo wangu, hii imenipita." Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi, nimeitafuta dharau, sijaiona. Lazima ipo.

Nimemwambia Chun-ja anyooshe suti yangu ya tarehe ishirini na mbili. Ameuliza kama ni ya mtu atakayesimama mlangoni au chooni. Mwanamke huyu!

Jumamosi, 15 Machi

Leo klabu imekutana chumba cha mikutano cha maktaba kuchagua. Picha zilimulikwa ukutani, kubwa kama mlango wa gereji. Yangu ilipotokea watu wakaguna kwa raha. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu niliokuwa nimeuandaa.

Bi. Gong aliomba ikuzwe. Ni mkunga mstaafu, amepokea watoto elfu mbili, macho yake hayapitwi na kitu. Pembeni ya petali ya tatu, ndani ya theluji, kulikuwa na doa jekundu. Nikasema ni mdudu. Akaomba ikuzwe zaidi. Akainuka, akasogea hadi pua yake ikakaribia ukuta.

"Bwana Pyo," akasema, "huyu mdudu ni kipande cha pilipili."

Nikasema mlimani siku hizi watu wanatupa taka ovyo. Ndipo mzee mmoja wa nyuma, kwa sauti ya mtu anayeuliza jambo la kawaida kabisa, akataka kujua hiyo kimchi ilikuwa ya kabichi au ya figili.

Nikajibu: "Ya kabichi."

Walicheka mpaka mhudumu wa maktaba akaja kutunyamazisha, akaelezwa, naye akacheka. Bi. Gong hakucheka. Aliniuliza kama nimefikiria barafu inafanya nini kwa ua linaloanza tu kufumbua macho. Na chumvi, je? Chombo cha kimchi hakikosi chumvi hata ukikiosha mwezi mzima. Picha yangu ikaondolewa. Adhabu yangu ni kupanda kulikagua lile ua kila asubuhi wiki nzima na kumpa taarifa.

Nilisema naenda chooni. Nikapita ule ujia wangu, nikatokea mlango wa nyuma, nikaenda nyumbani. Chun-ja aliniona usoni, akapika supu ya maharage. Sikuimaliza. Si kwa sababu ya picha. Nilikuwa nawaza lile ua. Ikiwa nimeliua, nitamwambia nini mtu?

Jumapili, 16 Machi

Liko hai! Liko hai, na mengine saba yametokea pembeni yake, yote yamefumbuka, kelele tupu ya manjano. Nilikaa chini nikapumua.

Tak alikuwepo tayari, na chupa ya maji. Alisema tangu Jumatatu iliyopita amekuwa akipitia kumwagilia pale maji ya kijito, kidogo kidogo, kuondoa chumvi kama ipo. Nikamuuliza alijuaje. Alisema aliniona siku ile, alikuwa juu ya kilima, na kwamba theluji ya kweli haianguki kwa duara la kijiko. Nikamuuliza mbona hakunisema mbele ya watu. Akafikiri. Akasema, "Ningekusema ya nini? Ulikuwa na raha mno."

Tulikunywa kahawa. Nimemwita kaka mara nne leo na haikuniuma hata kidogo, jambo ambalo sijui nilitafsiri vipi.

Ijumaa, 21 Machi

Siku ya sita ya kukagua. Maua kumi na matatu. Nimempa Bi. Gong taarifa kamili na mchoro. Amejibu: "Vizuri." Nguo za kijivu nimeziacha, navaa za chungwa tu, sina wa kujificha. Vichaka vimeanza kuwa kijani ukitazama kwa mbali, ukikaribia huoni kitu. Nimejaribu kulipiga picha hilo nikashindwa, nikakaa kulitazama.

Kesho siendi maktaba. Nimeamua. Naumwa.

Jumamosi, 22 Machi

Chun-ja alinivuta kwa mkono wa suti. Alisema ugonjwa wenyewe hauna hata joto.

Tuliingia mlango mkuu. Nilikuwa nimeangalia sakafu, nisiione picha ya Tak ukutani kwangu. Watu walikuwa wengi pale mbele. Mmoja akageuka akanitazama, akaitazama picha, akanitazama tena. Nikainua macho.

Ni mimi.

Mimi mzima, upana wa mita moja na nusu! Nimelala kifudifudi kwenye majani makavu, makalio ya rangi ya chungwa yamechukua nusu ya mlima. Shavu liko topeni, kamera imeanguka pembeni, na mbele ya pua yangu ni ua moja la manjano lililofumbuka. Natabasamu. Sijawahi kujiona na sura ile. Sikujua ninayo. Chini yake kuna kikaratasi: "Machipuko. Mpiga picha: Tak Jung-bae."

Niligeuka kutafuta mtu wa kugombana naye. Kumbe Tak aliomba ruhusa wiki iliyopita, kwa Chun-ja, na Chun-ja akampa! Nilimtazama mke wangu. Alikuwa amesimama pale na mkoba kifuani, haondoi macho ukutani. Akasema taratibu, "Baba Eun-sol, huu ndio uso niliokubali kuolewa nao. Nilidhani umeusahau kule kwenye tiketi."

Nilikohoa. Niliangalia dari kwa muda. Halafu mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akaniuliza kama ni mimi, nikasema ndiyo, akaomba tupige picha pamoja. Wakaja wengine. Nilisimama chini ya ukuta ule kwa saa tatu na nusu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na haraka. Tak alipokuja nilimpa mikono yote miwili.

Sijawahi kuwa na siku kama hii.

Jumapili, 23 Machi

Nimetafakari kwa kina. Kosa langu lote liko wazi sasa. Nilikuwa nahangaika nyuma ya kamera, kumbe mahali pangu ni mbele yake!

Mwezi ujao mlima utajaa maua ya rangi ya waridi, na Bi. Gong ameshataja maonyesho ya kiangazi. Nimempigia Tak, nikamuuliza kwa ujanja sana siku gani atapanda na atasimama upande gani wa kilima. Amecheka, amenitajia. Hajashtuka hata kidogo! Nimenunua koti jekundu. Nimepata jiwe zuri la kulalia, lenye mwanga wa kushoto. Nitakuwa pale nikishangaa ua bila habari na mtu yeyote.

Leo nimefanya mazoezi mbele ya kioo, nusu saa, ya kutabasamu bila kujua kama natabasamu. Bado najua.